Uwanja wa hoki uliogeuka supamaketi: jibu kuhusu Maple Leaf Gardens ya Toronto

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania kutoka Arusha, nasoma chuo hapa Toronto, mwaka wa pili. Supamaketi ninayonunulia mahitaji iko Mtaa wa Carlton, kona ya Church. Katikati ya rafu kuna doa jekundu sakafuni, na mara nyingi nakuta watu wazima wanalipiga picha. Nimeambiwa jengo hili lilikuwa uwanja wa hoki ya barafu, na kwamba Beatles na Muhammad Ali walifika hapo. Naomba unieleze: lilijengwaje, barafu ilikaaje ndani huku wakiingiza ndondi na mpira wa kikapu, na kama wenyeji walilipenda hivyo, kwa nini waliliacha likawa duka?"

Jibu:

Marahaba. Wanaopiga picha wana sababu. Doa lile limewekwa palipokuwa kitovu cha uwanja, pale mwamuzi alipodondosha kisahani cha mpira ili mchezo uanze. Jengo lenyewe ni Maple Leaf Gardens, makao ya timu ya Toronto Maple Leafs kuanzia Novemba 1931 hadi Februari 1999. Kazi yangu imekuwa mitambo ya barafu kwenye viwanja vya Ontario, kwa hiyo utanivumilia nikikaa kwenye mabomba kuliko kwenye mabao.

Nianze na jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia. Hoki peke yake isingeweza kulilisha jengo lile. Msimu wa 1931–32 kila timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilicheza mechi 48, nusu yake nyumbani. Yaani mechi 24. Sasa piga hesabu: umejenga ukumbi wa watu zaidi ya 12,000 katikati ya jiji, una deni benki, una mtambo wa baridi unaokula umeme, na mpangaji wako mkuu anautumia usiku 24 kwa mwaka, ukiongeza na mechi za mtoano akifika huko. Anayemiliki uwanja wa ndani anafanya biashara ya kukodisha usiku, na usiku usio na mtu ni hasara. Ukilishika hilo, historia yote ya Gardens, hata supamaketi, itakuwa rahisi kuielewa.

Kabla ya Gardens, mambo yalikuwa hivi. Mechi ya kwanza ya hoki ya ndani yenye kumbukumbu ya kuaminika ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, katika ukumbi wa Victoria Skating Rink. Barafu ya siku zile haikuwa na gharama: unafungua madirisha baridi iingie, unamwaga maji, unasubiri. Joto likirudi, msimu umekwisha. Barafu ya mashine ilikuja London mwaka 1876, kwa juhudi za mtu aitwaye John Gamgee. Nchini Kanada walioishika kwa nguvu ni ndugu wa familia ya Patrick, ambao mwaka 1911 walijenga viwanja viwili pwani ya magharibi, Vancouver na Victoria, kwa sababu majira ya baridi ya huko ni mapole mno kugandisha chochote. Mwaka uliofuata Toronto nayo ikapata Arena Gardens, Mtaa wa Mutual, uwanja wa watu kama 8,000. Hapo ndipo Leafs walipoanzia.

Conn Smythe, mfanyabiashara wa mchanga na kokoto na mwanajeshi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, aliongoza kundi lililoinunua timu ya Toronto St. Patricks Februari 1927 kwa dola 160,000, akaibadilisha jina kuwa Maple Leafs. Baada ya muda akaona uwanja wa Mutual umembana: viti vichache, mapato machache, na mandhari ambayo, kwa maoni yake, haikumvutia mtu wa heshima kumleta mkewe. Smythe alitaka watu waje hokini kama wanavyokwenda kwenye maonyesho ya tamthilia, kwa suti na tai. Viti vya chini kweli vilijaa suti kwa miaka mingi. Kule juu, viti vya kijivu, walikaa watu wa mshahara wa wiki, na kelele za uwanja zilitoka huko.

Tatizo ni kwamba aliamua kujenga wakati uchumi wa dunia umeanguka. Eneo alilipata kutoka kampuni ya maduka ya Eaton, iliyokuwa imefungua duka kubwa jirani, Mtaa wa College, mwaka 1930, na ilipenda wateja wapitepite mitaa ile. (Kiwanja kilitoka kwa wenye maduka, na mwisho wake kikarudi kwa wenye maduka. Wanaolia kwamba uwanja umedhalilishwa kwa kuuzwa mboga husahau hapa.) Michoro ilitoka kwa Ross na Macdonald wa Montreal, ofisi iliyochora pia duka hilo la Eaton na Hoteli ya Royal York. Walipofungua zabuni, fedha hazikutosha. Aliyeokoa jahazi ni msaidizi wa Smythe, Frank Selke, aliyekuwa mtu wa chama cha mafundi umeme. Alikwenda kwa vyama vya wafanyakazi akawaomba wapokee asilimia 20 ya mshahara kwa hisa za kampuni ya uwanja. Wakati huo kazi ya ujenzi ilikuwa adimu. Wakakubali, na benki nayo ilipoona hivyo ikalegea. Waliozishika hisa zile badala ya kuziuza kwa bei ya njaa walikuja kufurahi baadaye.

Ujenzi ulianza Juni 1931. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo milango ikafunguliwa. Miezi mitano na ushei! Leo hupati hata kibali cha ujenzi kwa muda huo. Ukisimama ng'ambo ya barabara utaona kazi yao: kuta za matofali ya njano, mistari iliyonyooka ya mtindo wa miaka ya 1930, na juu yake kuba la chuma ambalo halina nguzo hata moja katikati. Kwa mtazamaji hiyo ilikuwa neema, maana viwanja vingi vya zamani vilikuwa na nguzo na wewe uliyelipa unaangalia nguzo.

Usiku wa ufunguzi waliingia watu zaidi ya 13,000. Kukawa na bendi za jeshi, hotuba juu ya hotuba, umati ukaanza kupiga kelele wanataka mchezo. Leafs wakafungwa 2–1 na Chicago, na bao la kwanza la jengo likafungwa na mgeni, kijana mfupi wa Chicago aitwaye Mush March. Miezi mitano baadaye Leafs walitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, kwa kuwashinda New York Rangers mechi tatu mfululizo. Mechi ya pili ya fainali ile ilipaswa kuchezwa New York, lakini ikapelekwa Boston. Kisa? Madison Square Garden ilikuwa imekodishwa na sarakasi. Mwaka 1950 ikatokea tena: Rangers wako fainali dhidi ya Detroit, sarakasi iko ukumbini kwao, basi mechi zao mbili za "nyumbani" wakazichezea Toronto, ndani ya Gardens. Fainali ya kombe inahamishwa mji ili tembo wapate nafasi. Ndiyo maana nasema ni biashara ya kukodisha usiku.

Sasa nije kwenye barafu, maana ndilo swali lako la fundi.

Chini ya uwanja wa aina hii kuna bamba la zege, na ndani ya zege yamelazwa mabomba sambamba, yamekaribiana, mwisho hadi mwisho. Hayapitishi maji matupu. Yanapitisha maji yenye chumvi ya kalsiamu, ambayo hubaki majimaji hata yakishushwa hadi nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Katika chumba cha mitambo kuna kompresa na amonia. Amonia hunyonya joto kutoka kwenye maji ya chumvi, maji ya chumvi hunyonya joto la zege, zege hunyonya joto la maji unayonyunyiza juu yake, na joto lote hilo hutupwa nje ya jengo. Kazi nzima ni kuhamisha joto. Amonia ni hodari kwa kazi hii na ni sumu. Oktoba 2017 ilivuja kwenye uwanja wa mji wa Fernie, British Columbia, ikaua watu watatu. Fundi yeyote wa viwanja anaijua harufu yake na anajua mlango uko wapi.

Zege likishapoa vya kutosha, hatumwagi maji mengi kwa mkupuo. Tunanyunyiza ukungu mwembamba, unaganda mara moja, tunanyunyiza tena. Baada ya tabaka chache tunapaka rangi nyeupe, kwa sababu barafu safi ni kama kioo na bila rangi ungeona zege la kijivu, na kisahani cheusi kingepotea machoni. Kisha mistari ya bluu na nyekundu na miduara, kisha tabaka juu ya tabaka hadi unene wa sentimita 3 hivi. Ikizidi hapo, baridi ya chini haifiki juu vizuri na uso unalainika. Ikipungua, visu vya viatu vinakwangua rangi. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na kote huko unene unatakiwa uwe ule ule. Tunatoboa vitundu kwa kekee na kupima. Kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotofautisha uwanja mzuri na mbaya.

Kati ya vipindi barafu huwa imechanwachanwa. Zamani wanaume waliingia na makoleo na makwanguo, nyuma yao mapipa ya maji yenye magurudumu. Mwaka 1949 Frank Zamboni wa California akatengeneza gari linalokwangua, kuzoa theluji na kumwaga maji kwa mzunguko mmoja. Maji hayo ni ya moto, na wageni hushangaa sana. Maji ya moto yana hewa kidogo ndani yake, kwa hiyo yakiganda yanakuwa magumu na maangavu, na yanayeyusha kidogo uso wa zamani ili vishikane.

Adui mkubwa wa barafu ya ndani ni watazamaji. Mtu aliyekaa kimya anatoa joto la wati 100 hivi. Zidisha kwa watu 13,000: ni kama umewasha ndani ya ukumbi hita ya kilowati 1,300, na kila mmoja anapumua unyevu unaotua juu ya barafu. Watu wakianza kuruka na kupiga kelele, joto linapanda zaidi. Kwa hiyo usiku wa mechi kubwa mitambo huanza kufanya kazi ngumu saa nyingi kabla mtu wa kwanza hajaingia.

Na kikapu? Ndondi? Huyeyushi barafu kwa ajili ya usiku mmoja, maana kuigandisha upya ni kazi ya siku kadhaa. Unaifunika. Unatandika mbao za kuzuia baridi, juu yake unaunganisha sakafu ya kikapu, au ulingo, au jukwaa la muziki. Ukifanya vibaya, umande unatokea juu ya mbao na wachezaji wanateleza. Ukifanya vizuri, mtazamaji wa mstari wa mbele anahisi tu miguu imekuwa baridi. Hali ya hewa ya nje haiamui kitu ukishakuwa na umeme na mabomba. Nairobi ilipata uwanja wake mdogo mwaka 2005 ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na vijana waliojifunzia pale, Kenya Ice Lions, waliletwa Kanada mwaka 2018 wakavaa jezi pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Mfano bora wa barafu iliyofunikwa ni tarehe 1 Novemba 1946. Ligi mpya ya kikapu, ile iliyokuja kuitwa NBA, ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa, na ilichezwa hapo unaponunulia mkate. Toronto Huskies dhidi ya New York Knickerbockers. Hoki ndiyo ilikuwa mchezo wa mji, kwa hiyo ili kuvuta watu waandaaji walitangaza kwamba yeyote aliye mrefu kuliko mchezaji wao George Nostrand, mwenye sentimita 203 hivi, angeingia bure. Walikuja watu 7,090, New York wakashinda 68–66. Huskies walikufa baada ya msimu mmoja tu, na Toronto ikakaa hadi 1995 ndipo ikapata timu nyingine ya NBA, Raptors.

Orodha ya waliokodi usiku mwingine ni ndefu. Winston Churchill alihutubia hapo Machi 1932, akiwa mwanasiasa aliyewekwa kando anayezunguka kwa mihadhara ya kulipwa. Mwaka 1934 maelfu walijaa kumpokea Tim Buck, kiongozi wa Wakomunisti aliyetoka gerezani, ndani ya jengo la Smythe ambaye hakuwapenda Wakomunisti hata kidogo. Kodi ni kodi. Mieleka ilikuwa chakula cha kila wiki kwa miongo mingi, na bingwa wa mji, Whipper Billy Watson, alijulikana kama mchezaji yeyote wa hoki. Opera ya Metropolitan ya New York ilikuja miaka ya 1950. Elvis Presley mwaka 1957. Beatles miaka mitatu mfululizo, 1964, 1965 na 1966. Bob Marley mwishoni mwa miaka ya 1970. Inasimuliwa kwamba Harold Ballard, aliyekuwa mmoja wa wamiliki kipindi cha Beatles, aliamuru joto lipandishwe na mabomba ya maji ya kunywa yafungwe siku ya tamasha, soda ziuzike. Kwa jinsi alivyokuwa mtu yule, siioni kuwa hadithi ngumu kuiamini.

Ila usiku ulioacha alama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni tarehe 29 Machi 1966. Muhammad Ali alikuwa amesema hadharani kwamba hana ugomvi na Wavietnam. Pambano lake lilikuwa limepangwa Chicago. Serikali ya jimbo ikamfungia mlango, na miji mingine ya Marekani ikafuata. Toronto ikakubali. Mpinzani wa awali akajitoa, akaingia George Chuvalo, mwana wa mji huohuo wa Toronto, mtu aliyepigwa na wakubwa wote wa enzi yake bila kuangushwa chini hata mara moja. Wakapigana raundi 15. Ali akashinda kwa pointi na Chuvalo akamaliza akiwa amesimama. Conn Smythe, mzee wa vita viwili, aliona ni aibu kwa jengo lake kumpokea mtu aliyekataa jeshi. Akajiuzulu kwenye bodi. Nadhani alikosea kuhusu Ali, lakini angalau alilipia msimamo wake. Wasomaji wa Kongo wanaukumbuka usiku wa Kinshasa wa 1974, Ali alipompiga George Foreman. Usiku huu wa Toronto, uliofungua mwaka ambao Ali alipigana zaidi nje ya Marekani kuliko ndani, unasahauliwa.

Kuhusu hoki yenyewe nitapita haraka, maana vitabu vimejaa. Leafs walitwaa makombe 11 wakiwa hapo, la mwisho mwaka 1967, na hadi ninapoandika hawajapata jingine. Mwaka 1942 walikuwa nyuma 3–0 dhidi ya Detroit kwenye fainali wakashinda mechi nne zilizofuata. Mwaka 1951 beki kijana, Bill Barilko, alifunga bao la ushindi wa kombe katika muda wa nyongeza. Agosti yake akapotea na ndege ndogo kaskazini mwa Ontario, na mabaki yakapatikana Juni 1962, wiki chache baada ya Leafs kupata kombe lao la kwanza tangu bao lake. Februari 1976 Darryl Sittler alifunga mabao 6 na kutengeneza 4 katika mechi moja. Jambo dogo linalonifurahisha zaidi: hadi 1963 wachezaji wa timu mbili waliotolewa kwa makosa walikaa benchi moja. Oktoba mwaka huo Bob Pulford wa Toronto na Terry Harper wa Montreal, waliotolewa kwa kupigana, wakaendeleza ugomvi wao humohumo. Gardens ikatenganisha viti, na ligi nzima ikafuata.

Sababu ya watu wa mbali, ambao hawakuwahi kukanyaga Toronto, kulipenda jengo ni redio. Foster Hewitt alitangaza kutoka kibanda kilichoning'inia mita 17 juu ya barafu, kilichofikiwa kwa njia nyembamba ya chuma chini ya paa. Jumamosi usiku nchi nzima ilikaa kumsikiliza, hadi vijiji vya nyanda za ngano ambako jirani yuko kilomita kadhaa. Waulize wazazi wako walivyosikiliza Simba na Yanga kwenye Redio Tanzania: uwanja unaujua kila kona, na hujawahi kuuona. Mwaka 1979 Ballard alikivunja kibanda kile ili kupata nafasi, mbao zikaishia kwenye tanuri la taka.

Ballard ndiye sura ya miaka mibaya. Mwaka 1961 Smythe aliuza hisa zake kwa mwanawe Stafford, aliyeshirikiana na Ballard na John Bassett. Wakabana viti vipya kila penye upenyo hadi ukumbi ukachukua zaidi ya watu 15,000. Picha kubwa ya Malkia iliyotundikwa ukutani iliondolewa, viti vikachukua nafasi yake. Baadaye polisi wakakuta fedha za kampuni zimejenga nyumba za wakubwa. Stafford alifariki 1971 kabla ya kesi, Ballard akahukumiwa 1972 kifungo cha miaka 3 kwa wizi na udanganyifu. Akatoka, akaendelea kuwa mwenye timu, akaishi ndani ya jengo lenyewe, na alipofariki 1990 timu ilikuwa imechoka kabisa.

Kuna jambo zito zaidi, na sitaliruka. Mwaka 1997 mwanamume mmoja alijitokeza hadharani kueleza kwamba alipokuwa mtoto wafanyakazi wa Gardens walimdhalilisha kingono, wakiwavuta wavulana kwa tiketi za bure na nafasi ya kuingia nyuma ya pazia. Wengine wengi wakafuata, kesi zikafika mahakamani, watu wakafungwa. Yeye mwenyewe alijiua mwaka huohuo. Ukisikia mtu analiita jengo lile takatifu, kumbuka wapo wanaume wa Toronto ambao hawawezi kupita mtaa ule.

Kwa nini waliondoka? Hesabu ileile ya usiku. Kufikia miaka ya 1990 faida ya uwanja ilikuwa imehama kutoka kwenye kiti cha kawaida kwenda kwenye vyumba vya kifahari vinavyokodishwa na makampuni kwa mwaka mzima, na migahawa, na korido pana za kuuzia bia. Gardens haikuwa na nafasi ya hayo. Korido zake zilikuwa nyembamba, vyoo vichache. Mwaka 1998 wenye Leafs waliwanunua Raptors pamoja na uwanja mpya uliokuwa ukijengwa, wakapata wapangaji wawili chini ya paa moja. Mechi ya mwisho Carlton ilikuwa 13 Februari 1999, tena dhidi ya Chicago, tena kipigo, 6–2. Mush March, akiwa na miaka 90, aliletwa kwa sherehe ya kudondosha kisahani.

Baada ya hapo likawa tupu. Wamiliki hawakutaka limwendee mtu atakayelitumia kushindana na uwanja wao mpya, kwa hiyo wanunuzi wenye nia ya michezo mikubwa walikataliwa, na mwaka 2004 likauzwa kwa kampuni ya supamaketi ya Loblaw. Jengo likatambuliwa kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 2007, likaendelea kukaa tupu. Desemba 2009 ndipo likatangazwa suluhisho: supamaketi chini, chuo kikuu cha Ryerson juu, fedha zikitoka serikali kuu, ada ya wanafunzi, kampuni yenyewe na wafadhili. Wakang'oa kila kitu cha ndani, wakabakiza ganda na kuba, wakajenga ghorofa mpya humo ndani. Duka lilifunguliwa mwishoni mwa 2011, kituo cha michezo, Mattamy Athletic Centre, mwaka 2012. Lile jani kubwa la bluu ukutani dukani limeundwa kwa viti vya zamani.

Watu husema duka limeua uwanja. Angalia wenzake. Timu sita zilizounda NHL kwa miaka 25 hadi 1967 zilikuwa na kumbi sita maarufu. Ya New York ilibomolewa 1968, Detroit 1987, Chicago 1995, Boston 1998. Ile ya Montreal imebaki jengo la sinema na maduka. Toronto peke yake ndiyo yenye barafu hadi leo, imepanda ghorofani tu. Januari 2024 mechi ya kwanza kabisa ya ligi mpya ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilichezwa juu ya kichwa chako: Toronto walifungwa 4–0 na New York mbele ya watu 2,500 hivi. Msimu uliofuata wakahamia uwanja mkubwa zaidi, kwa sababu unayoijua sasa.

Ukitaka kuiona barafu, usipitie dukani. Mlango wa Mattamy uko hapohapo Mtaa wa Carlton. Panda hadi juu. Chuo siku hizi kinaitwa Toronto Metropolitan University, na timu zake za wanaume na wanawake hucheza humo majira ya baridi. Nenda mapema wakati gari la Zamboni linazunguka, kaa safu za juu kabisa, na uangalie mbavu za chuma za kuba: zamani zilikuwa mbali sana na macho ya mtazamaji, sasa sakafu imepandishwa na unaweza kuzihesabu. Chukua sweta.